Mwalimu B Anafundisha Ameketi

Jumapili, 2 Juni

Chiriku,

Salamu zipo, lakini leo hazitoki. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi nikitafuta neno zuri la kuanzia, nimelikosa, basi naanza na baya. Wewe mtoto umefanya nini?

Usikimbilie simu. Nimeizima makusudi, ipo kabatini chini ya vitambaa. Kwenye simu wewe hulia, na ukilia mimi nashindwa kukugombeza, tunaishia kuulizana habari za mvua. Safari hii utasoma mpaka mwisho, na utanijibu kwa mkono wako, kama nilivyokufundisha kushika kalamu kabla hao maprofesa hawajakujua.

Sikiliza. Alhamisi Mkuu wa shule aliwaita walimu wote ofisini kwao, akasema ripoti ya yule mtafiti aliyekuja mwaka jana kutazama Kiingereza kinavyofundishwa imefika, na kwa kuwa mtafiti mwenyewe ni binti wa hapa hapa, ni heshima kwa shule. Akaisoma. Ilikuwa kwa Kiingereza, lakini alipoona walimu wa hesabu na wa sayansi wanapiga miayo, akaanza kuitafsiri kipande kwa kipande ili kila mtu aelewe vizuri. Wakaelewa vizuri. Wakafika kwa mtu anayeitwa Mwalimu B.

"Mwalimu B hujificha nyuma ya Kiswahili." Ndivyo ulivyoandika, au Mkuu kaongeza chumvi? Maana aliposoma hapo, ofisi nzima iligeuka ikamtazama mama yako mdogo.

Mama yako mdogo, Chiriku! Mwanangu wa mwisho. Aliyekuchukua mama yako alipofariki, wewe hata kufunga kamba za viatu hujui, akakusuka, akakusomesha, hicho Kiingereza unachowaandikia watu akakutia yeye kinywani kama uji.

Alirudi nyumbani mapema. Akavua viatu, akaviweka sawasawa ukutani, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nikamwambia, "Vyombo hivyo ni visafi." Akasema, "Najua, mama." Akaendelea. Ijumaa hakwenda shule, anasingizia goti. Goti lake nalijua kuliko daktari wake. Goti halina kitu.

Sasa uniambie ulimwandika hivyo kwa nini. Halafu ufute. Sijui huko mnafutaje, lakini mlichoandika wenyewe mnaweza kukifuta wenyewe.

Ni mimi Bibi yako,
niliyekasirika

* * *

Jumapili, 9 Juni

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama kwenye korido ya bweni, mara ya pili nimekaa kitandani, na mara ya tatu sikumaliza. Naomba nieleze taratibu, na usinikatishe kama kawaida yako.

Mimi sikumwandika Mama Mdogo. Katika utafiti kuna sheria: mtu anayekubali kutazamwa akiwa kazini hatajwi jina lake. Walimu wa Kiingereza pale shuleni ni wanne. Nikawaita Mwalimu A, Mwalimu B, C na D, kwa kufuata ratiba ya vipindi nilivyoingia. Si kwa ubora, wala si alama. Hakuna jina la mtu yeyote katika ripoti ile, wala la shule, wala la mji.

Kazi yangu ilikuwa kukaa dawati la nyuma, kinasa sauti mbele yangu, nikiandika nani anaongea, anaongea lugha gani, na wanafunzi wanajibu nini. Swali langu, Bibi, ni hili: kwa nini kijana anasoma Kiingereza miaka yote ya sekondari, anafaulu, halafu mgeni akimsimamisha barabarani kumuuliza njia, anakimbia? Sikuuliza ili kumtukana mtu. Na mimi nilikimbia. Nilikuwa na cheti mkononi na nikakimbia.

Nilichoandika juu ya Mwalimu B ndicho kilichopo kwenye kinasa sauti. Kwenye vipindi vyake Kiingereza kinatoka kitabuni tu. Kitabu kikifungwa, na Kiingereza kimefungwa. Mwanafunzi akimuuliza kwa Kiingereza, anajibiwa kwa Kiswahili, na siku ya pili yake mwanafunzi huyo haulizi tena.

Ripoti niliituma kwa sababu niliahidi. Watafiti huja pale, huchukua wanachotaka, wakaondoka, shule isione hata karatasi moja. Sikutaka kuwa mtu wa namna hiyo. Nilidhani nafanya jambo jema.

Tafadhali mwambie Mama Mdogo kwamba hakutajwa. Mwambie nampenda.

Mjukuu wako,
Chiriku

* * *

Jumapili, 16 Juni

Chiriku,

Unampenda, na mimi ndiye nimpelekee ujumbe? Mimi ni tarishi wako?

Umesema hakutajwa. Haya. Mwalimu wa historia alikuja kuchukua gauni lake, nikamwambia halitoki humu ndani mpaka anitafsirie karatasi zako. Akanisomea huku akiangalia chini. "Mwalimu B ni mwanamke mwenye uzoefu wa muda mrefu. Hufundisha akiwa ameketi. Kila baada ya mstari mmoja husema 'twende kazi'." Mtoto wewe! Katika shule ile wanaokaa kitini ni wawili, yeye na Mkuu, na Mkuu hafundishi. Katika walimu wa Kiingereza mwanamke ni yeye peke yake. Na hiyo "twende kazi", hata kasuku wa duka la dawa anajua inatoka mdomoni mwa nani. Umemvua jina, nguo zote umemwachia.

Kama kweli ulitaka kumficha, ungempa ndevu. Andika, Mwalimu B ana ndevu na anapenda mpira. Nani angejua? Elimu yote hiyo, kumpa mtu ndevu kukakushinda?

Na hiyo habari kwamba herufi si alama, nenda ukamweleze mwalimu wa nne, anayezunguka shule nzima akisema hajapata D tangu azaliwe.

Sasa nikupe habari zenyewe. Jumatatu alijikaza akaenda. Alipoingia darasa lake la kidato cha mwisho, akakuta mtu amechora B ubaoni, kubwa, imekaa kwenye kiti. Walikuwa wanatania, watoto ni watoto. Yeye akageuka akatoka. Mkuu kwa huruma zake za juu juu akamwambia apumzike, darasa atalishika Mwalimu C mpaka mambo yatulie. Akakubali. Si kukubali tu, ameomba mwenyewe apelekwe maktaba, akashike funguo na kupanga vitabu mpaka atakapostaafu. Darasa lile amelilea tangu watoto wale hawajui kutofautisha ubao na ukuta. Mtihani wao ni mwaka huu huu.

Unajua mimi nashona sare za nusu ya shule ile. Wanakuja hapa kupunguziwa viuno na kushushiwa pindo, na mtoto ukimsimamisha umemchomeka pini huku na huku hana pa kukimbilia, anasema yote. Nikamuuliza mmoja, huyo Mwalimu C uliyemsifu kurasa mbili, mnamwonaje? Akasema, "Bibi, anaongea vizuri kama redio. Na sisi tunamsikiliza kama redio, hatumjibu." Nikamuuliza, na mwanangu je? Akafikiri. Akasema, "Kwake tunaelewa. Ila na kwake hatusemi." Nikamchoma pini kidogo. Bahati mbaya.

Kwa Mkuu nilikwenda mwenyewe. Suruali yake ya sherehe ipo kwenye cherehani yangu, mguu mmoja umepindwa, mwingine bado. Nikamwambia itabaki hivyo hivyo mpaka mwanangu arudi darasani, akitaka aje aichukue aivae. Akacheka. Mimi sikucheka.

Mtaa mzima nimeshautangazia kwamba mwezi wa kumi na moja mjukuu wangu anavaa joho. Joho lenyewe nalitaka, usinielewe vibaya. Lakini sitaki ulivae umesimama juu ya mgongo wa mwanangu. Nataka arudi darasani. Sina lingine ninalotaka.

Bibi yako

* * *

Jumanne, 25 Juni

Bibi,

Shikamoo. Siwezi kumpa ndevu. Nilicheka sana nilipofika hapo, mwenzangu wa chumbani akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulia.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na nakuomba, kwa heshima zote, Mama Mdogo asilijue.

Kuna sheria nyingine. Mtafiti akikuta katika watu anaowatazama yupo ndugu yake, lazima aseme mapema kwa msimamizi wake. Mimi sikusema. Shule yenyewe niliichagua kwa sababu ningepata pa kulala na chakula bila gharama, na kwa sababu Mama Mdogo aliniombea ruhusa. Profesa, msimamizi wangu, anadhani Mwalimu B ni mtu niliyekutana naye mlangoni mwa darasa.

Sasa kila nilipokaa kuandika kuhusu Mwalimu B, niliogopa kwamba siku moja mtu atagundua, aseme nimempendelea mama yangu. Basi nikawa mkali. Baada ya barua yako nimerudia kusoma sura ya tasnifu yangu iliyozaa ripoti ile. Mwalimu C akikosea, nimeandika kwamba darasa lina watu wengi mno, kitabu kimoja wanakigombania watoto watano, na kelele za barabarani zinaingia dirishani. Mwalimu B yuko shule hiyo hiyo, na madirisha yake yanatazama barabara hiyo hiyo. Yeye sikumtafutia sababu hata moja. Nimeandika tu kwamba hujificha.

Nikimwambia Profesa sasa, huenda sura nzima ikatolewa, na bila sura ile hakuna kitu cha kupeleka mbele ya watahini. Joho la Novemba litakwenda nayo. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Karatasi zitawekwa kabatini hapa chuoni na hakuna atakayezisoma, ndivyo zinavyokuwa.

Sijui nifanye nini. Naomba uniambie, ila usimwonyeshe barua hii.

Chiriku

* * *

Jumatatu, 1 Julai

Chiriku,

Nimemwonyesha.

Umenikataza, na mimi sijawahi kukatazwa nikasikia, sitaanza uzeeni. Kuna watu wawili katika nyumba hii na chuo hicho wanaosemana bila kusemeshana, na mimi nimechoka kuwa ukuta wa kupitishia sauti. Nilimwekea barua yako mezani mbele ya chai yake, nikatoka nikakaa nje.

Alisoma. Najua alisoma mara nyingi kwa sababu chai ilipoa na yeye hanywi chai ya baridi, akaimwaga. Halafu akaniomba karatasi.

Yake nimeitia kwenye bahasha hii hii. Sijaisoma. Nilitaka, lakini ameibandika kwa gundi, mwanamke huyu ananijua.

Mimi ulitaka nikuambie la kufanya. Sikuambii. Ukiwa na akili za kuhesabu midomo ya watu darasani, unazo za kujua hilo.

Bibi yako

* * *

Jumatatu, 1 Julai

Mwanangu,

Natumaini unakula. Bibi yako anasema sauti yako ya mwisho kwenye simu ilikuwa ya mtu asiyekula.

Yeye anadhani nimeumia kwa sababu ulisema uongo. Ungesema uongo ningekuwa nimeshapanda basi kuja huko huko chuoni kukuvuta sikio mbele ya wenzako. Uliyoyaandika ni kweli. Nimeyasoma mwenyewe kwa Kiingereza, si kwa tafsiri ya Mkuu, na sikuona mahali pa kutia kalamu nyekundu.

Kanuni za lugha ile nazijua zote. Insha nasahihisha bila kutazama kitabu. Lakini kusimama, au kwa upande wangu kukaa, nikaitoa kichwani mwangu mbele ya vijana wale, bila ukurasa wa kushikilia, mikono inaniloa. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya ualimu, mkaguzi alikuja. Nikakwama katikati ya sentensi. Hakunisaidia. Aliirudia sentensi yangu, pamoja na kule kukwama, kwa sauti kama yangu, na darasa likacheka. Halikuwa kosa kubwa, sasa hivi hata silikumbuki. Nakumbuka vicheko tu. Tangu hapo nimefundisha kwa ustadi wote nilionao ili yale yasinikute tena, na hayajanikuta.

Ila wale watoto wananitazama. Wamejifunza sarufi kwangu, na wamejifunza kuogopa kwangu. Hilo la pili hukuliandika. Labda kutoka dawati la nyuma halionekani. Ningekuambia mimi.

Na hapo ndipo penye uchungu, mwanangu, nilisema nisiandike lakini kalamu imeshafika. Mwalimu A ulimhoji maabara. C ulimhoji mara mbili. D ulimfuata mpaka kwake. Mimi ulilala chumba changu cha nyuma muhula mzima, nikakufulia, tukala meza moja kila jioni, nikawa nasubiri zamu yangu. Nilikuwa nimeshapanga nitakachosema. Jioni moja ukaweka kinasa sauti mezani, nikasema ndiyo leo, nikaenda kuvaa gauni langu la mikutano. Niliporudi ukaniuliza kama chumvi imekwisha.

Sina hasira. Funguo za maktaba nimeshapewa, kuna utulivu kule. Wewe maliza kazi yako uvae joho. Kwa msimamizi usiseme kitu. Mtu mmoja akikaa pembeni katika familia anatosha.

Mama yako mdogo

* * *

Ijumaa, 12 Julai

Bibi, na Mama Mdogo,

Shikamooni. Barua hii ni yenu nyote wawili, msibandikiane gundi.

Nimemwambia Profesa. Sikukutii, Mama Mdogo. Nilikwenda na maneno niliyoyapanga usiku kucha, kumbe hayakuhitajika. Alinisikiliza, akavua miwani, akauliza jambo moja: "Na Mwalimu B mwenyewe anasemaje?" Nikaanza kufungua kurasa mbele yake, nikifungua na kufungua, nikijua hamna. Akaniacha nifungue mpaka nikaacha mwenyewe.

Hakunifukuza. Kamati ya chuo imekaa, imesema sura ile itolewe, iandikwe upya, na mwanzoni nieleze kwamba mmoja wa walimu ni mama yangu. Novemba haiwezekani. Wenzangu watavaa, mimi nitakuwa mmoja wa wale wanaopiga picha pembeni wameshikilia maua ya watu. Bibi, najua umeshatangaza. Nisamehe.

Shuleni nimemwandikia Mkuu kwa Kiswahili, kisitafsiriwe. Nimesema sehemu ya Mwalimu B haijakamilika na kosa ni la mtafiti, aliyeandika habari za mtu bila kumsikiliza. Nimeomba aisome mbele ya walimu wale wale.

Mama Mdogo, sikukuuliza kwa sababu nilidhani nakujua. Nimetafuta sababu nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo, sina. Gauni lile nalikumbuka. Nilidhani una mgeni.

Kuhusu kazi iliyobaki, nahitaji kumhoji Mwalimu B. Sheria inasema mwalimu anaweza kukataa na asiulizwe kwa nini. Na mimi nasema hivyo hivyo. Ukikataa nitaandika kwamba sikumhoji, na kwamba kosa lilikuwa langu, na nitakuja tu kuwasalimia.

Mtoto wenu,
Chiriku

* * *

Jumapili, 28 Julai

Chiriku,

Nimechelewa kujibu kwa sababu hapakuwa na la kujibu. Leo lipo.

Kuhusu joho, mtaani nimewaambia mwenyewe kabla hawajaniuliza. Nimesema mjukuu wangu alikosea kazi, akasema amekosea, sasa anairudia. Mama mmoja akaanza kunipa pole. Nikamwambia pole ampe mwanawe ambaye hajawahi kurudia kitu, hata kufua soksi. Nilijifungia ndani baadaye, sitakuficha, nilikuwa nimeshakata kitambaa cha gauni langu la siku hiyo. Basi. Litavaliwa mwakani, na mimi nisinenepe.

Barua yako kwa Mkuu ilisomwa. Aliisoma mbele yao, haraka haraka kama mtu anayemeza dawa, lakini aliisoma. Mama yako mdogo alirudi nyumbani siku hiyo hakuosha chombo. Alikaa. Nikamuuliza, "Utamhoji au hutahojiwa?" Maana mimi maneno yenu nayachanganya. Akasema, "Acha kwanza, mama." Ikapita wiki, "acha kwanza". Nikaacha, na unajua mimi kuacha kitu kunavyoniumiza mbavu.

Alhamisi akamwendea Mwalimu C akamwomba kipindi kimoja kwenye lile darasa la mwisho. Yule kijana akampa viwili. Nimeanza kumpenda.

Haya mengine sikuyaona. Nimeyapata kwa wasichana watatu waliokuja kushushiwa pindo jana, wote wakiongea kwa pamoja. Wanasema aliingia, akakaa kwenye kiti chake, wakasubiri afungue kitabu. Hakukifungua. Akakitia kwenye mtoto wa meza, akaanza kuongea Kiingereza hivi hivi, kutoka kichwani. Akawaambia habari za mkaguzi fulani aliyemcheka zamani. Mimi sijawahi kuisikia habari hiyo, nimeisikia kwa watoto wa watu nikiwa na pini mdomoni. Miaka yote hiyo chini ya paa langu!

Wanasema alikwenda vizuri, akakwama. Akawa anatafuta neno, hapati, jasho linamtoka, na hakukimbilia Kiswahili. Akaendelea kutafuta. Ndipo msichana wa dawati la mbele akamrushia neno. Halikuwa lenyewe. Mwingine akarusha lake, nalo silo. Wa nyuma akasema nyie hamjui, akatoa la tatu, wakaanza kubishana lipi ndilo, darasa zima, kwa Kiingereza, hata wale ambao hawajafungua mdomo tangu kidato cha kwanza. Nikawauliza, "Na mwanangu alikuwa anafanya nini?" Wakasema, "Alikuwa anatusikiliza." "Neno likapatikana?" Wakatazamana. Hawakumbuki.

Alirudi amelowa mgongo mzima kama aliyekuwa akibeba magunia. Nikamuuliza, "Umefundisha nini leo?" Akasema, "Sijui, mama. Nimeongea."

Usianze kupiga vigelegele huko. Ijumaa aliingia tena, nusu ya kipindi Kiswahili, wasichana wamesema. Funguo za maktaba bado zimo mkobani mwake, nazisikia zikilia akipita, sijamuuliza. Mkuu naye bado hajasema darasa ni la nani. Lakini amekwenda. Jumatatu anasema anakwenda, na gauni lake la kazi amelinyoosha mwenyewe.

Sasa la kwako. Anasema njoo umhoji. Masharti ameyatoa yeye, mimi naandika tu, ananisimamia hapa begani nisiongeze. Kinasa sauti ulete. Utamuuliza kwa Kiingereza, atakujibu kwa Kiingereza. Akikwama usimsaidie, hata akikwama mpaka jirani afunge duka. Na usimuulize maswali ya mtoto kwa mama, umuulize yale uliyowauliza wenzake, yote, usiruke hata moja kwa kumwonea huruma.

Amekwenda jikoni. Hili la mwisho ni langu. Nimemwambia na mimi nitakuwepo. Amesema haiwezekani, mahojiano ni ya watu wawili na mlango hufungwa. Nimemwambia mlango ni wangu. Nitakaa kati yenu. Najua sitaelewa hata neno moja. Lakini nyuso zenu nimezilea zote mbili, nitazitazama, na nikiona mmoja anamuumiza mwenzake, huyo namtoa nje, awe mwalimu, awe mtafiti.

Bibi yako